93 ya Marekani si 93 ya sheli yetu

Swali: "Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX STI ya 2005 iliyotoka Japani, niko Moshi. Nimelibadilishia ekzosi nzima, halafu nikanunua programu ya kontroli boksi (kompyuta ya injini) kwa mtaalamu aliyeko Marekani. Faili aliyonitumia imeandikwa oktani 93. Hapa nimeambiwa petroli yetu ni 95, nikaona nina akiba. Sasa nikipanda Marangu kwa gia ya tatu na kukanyaga mafuta, nasikia mlio kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo. Wenzangu wananishauri nitumie zile chupa za kuongeza oktani, wengine wanasema nitafute mafuta ya ndege pale KIA, na mmoja anachanganya thina. Nifuate lipi? Na je, nikipata oktani 100, gari litaongeza nguvu?"

Marahaba, mdogo wangu. Kabla sijaeleza lolote, naomba kuanzia leo usilikanyage hilo gari mpaka mwisho. Liendeshe taratibu, tabo (ile feni inayoisukumia injini hewa) isijaze, na kwenye mlima shusha gia mapema kuliko kuibana injini. Huo mlio ni injini inajivunja kidogo kidogo. Nimeshazifungua Subaru za aina yako hapa Unga Limited, Arusha, zilizofika zikivuta moshi wa bluu, mwenyewe akisema "ilikuwa inalia kidogo tu", na ndani tukakuta pistoni imekatika ule ukuta mwembamba ulio kati ya ringi na ringi. Ukuta huo ukishakatika hakuna dawa ya chupa, ni kushusha injini.

Shida yako imeanzia kwenye ile namba 93. Oktani haihesabiwi kwa namna moja duniani. Sisi, kama Ulaya na Japani, tunasoma kipimo kinachoitwa RON. Kinapatikana kwa injini maalumu ya silinda moja ambayo kompresheni yake inapandishwa na kushushwa huku inazunguka, nayo huzungushwa mara 600 kwa dakika. Kuna kipimo cha pili, MON, ambacho hutumia injini ya namna hiyo hiyo ila kwa mizunguko 900, na mchanganyiko wa hewa na mafuta unapashwa moto kwanza hadi nyuzi 149 za sentigredi. Hapo mafuta yanateswa zaidi, kwa hiyo MON ya petroli ya pampuni hutoka chini ya RON yake, mara nyingi kwa namba 8 hadi 10 hivi. Wamarekani hawabandiki RON kwenye pampu zao. Wanajumlisha RON na MON, wanagawa kwa mbili, na jibu hilo ndilo wanaloliita oktani.

Maana yake ni kwamba petroli moja, bila kubadilika hata tone, kule itaitwa 93 na huku itaitwa 97 au 98. Na 95 ya RON ukiipeleka kwenye pampu ya Marekani itakuwa 90 au 91. Mtaalamu wako hakukudanganya, ameandika kwa lugha ya kwao. Wewe ndiye uliyesoma kwa lugha ya kwetu. Ulidhani una akiba ya namba mbili, kumbe una upungufu wa namba mbili au tatu, na hapo nachukulia kwamba ile 95 uliyoambiwa ni kweli 95.

Halafu kuna jambo ulilokuwa nalo hata kabla ya kununua hiyo programu. Fungua kifuniko cha tenki usome kibandiko cha Kijapani. Gari lako linataka petroli ya daraja la juu. Kiwango cha taifa cha Japani kinataka petroli ya kawaida isipungue 89 na ya daraja la juu isipungue 96, na hiyo ya juu inayouzwa huko kwa kawaida hukaribia 100. Wahandisi wa Subaru walipoipangia injini hii nguvu zake 280 walikuwa na mafuta hayo mezani. Kwa hiyo hata STI ambayo haijaguswa, ikishushwa bandarini na kujazwa petroli ya huku, huanza maisha yake mapya ikijirudisha nyuma. Wewe umechukua injini iliyokwishabanwa ukaiongezea mzigo.

Sasa tuelewane kuhusu neno "kugonga", maana gerejini linatuchanganya. Fundi akisema injini inagonga chini, anasema habari za beringi. Akisema imenoki, anasema imekufa. Mimi nasema habari za kugonga kwa mafuta, na hilo ni jambo la tatu, ingawa ukiliachia linakuzalia hayo mawili.

Plagi ikitoa cheche, mafuta hayalipuki yote mara moja. Moto hutembea, kama moto wa mabua shambani: unaanzia pale ulipowashwa, unasogea kwa mpangilio kuelekea kingo. Huku moto ukitembea, ile hewa yenye mafuta iliyobaki pembeni inazidi kubanwa na kuchemka. Ikizidiwa kabla moto haujaifikia, inajiwasha yenyewe, yote kwa pamoja. Hapo presha haipandi tena kwa mpangilio, inapiga. Mawimbi yake yanaruka kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa silinda yenye upana wa milimita 92 kama za kwako, mtikisiko huo ni wa takriban mara 6,000 kwa sekunde, na ndio ile sensa iliyofungwa kwenye bloku inausikiliza. Kila pigo linakwangua ile tabaka nyembamba ya hewa inayokinga uso wa pistoni dhidi ya joto. Ndiyo sababu baada ya muda pistoni inayeyuka kingoni au ukuta wa ringi unakatika.

Oktani ni uvumilivu wa mafuta katika ule muda wa kubanwa. Walioanzisha kipimo hiki katika miaka ya 1920 walichukua kimiminika kimoja kisichojiwasha kirahisi, iso-oktani, wakakipa 100, na kingine kinachojiwasha haraka, heptani, wakakipa 0. Petroli ya 95 ni ile inayogonga pale pale ambapo mchanganyiko wa sehemu 95 za iso-oktani na 5 za heptani ungegonga. Basi. Hakuna mahali popote katika hesabu hiyo panapopimwa nguvu.

Nalisisitiza hili kwa sababu naona vijana wanaumia mifukoni. Ethanoli ina RON ya karibu 108, juu kabisa ya petroli yoyote ya pampuni. Lakini kilo moja ya ethanoli ina nishati ya megajuli 27 hivi, ilhali kilo ya petroli ina karibu 43. Oktani juu, nishati chini. Mwenye IST au Vitz akijaziwa mafuta ya 100 hapati chochote, kwa sababu injini yake ilipangwa kwa petroli ya kawaida ya Japani na haijawahi kuhitaji uvumilivu zaidi ya huo. Fedha yake imeungua bure.

Kwako jibu lina pande mbili. Ukijaza 100 leo bila kubadilisha kitu, utasikia gari limechangamka, na utasema oktani imeongeza nguvu. Kilichotokea ni kwamba kontroli boksi ilikuwa imerudisha taimingi, yaani wakati wa kuwasha cheche, nyuma ili kuokoa pistoni, na sasa imekurudishia ulichokuwa umelipia. Ili upate kitu cha ziada juu ya hapo, lazima mtu aandike upya programu: cheche iwashwe mapema zaidi, au busti, yaani presha ya hewa inayotoka kwenye tabo, iongezwe. Na hata hapo kuna ukomo. Kila injini ina nyuzi za taimingi ambazo msukumo wake unakuwa mkubwa kuliko zote. Ukishazifikia bila kugonga, hata ukiwa na mafuta ya 110 ukiendelea kusogeza cheche mbele, nguvu zinapungua. Oktani inakufungulia mlango. Ukifika ndani ya chumba haina kazi nyingine.

Uzuri wa Subaru yako ni kwamba inaandika kila kitu. Kuna programu ya bure inaitwa RomRaider. Ukiwa na waya unaofaa na kompyuta mpakato unaweza kusoma mambo mawili ninayotaka kuyaona kabla sijakuamini wewe wala mlio unaosimulia. La kwanza ni kizidishio cha taimingi, namba ambayo kontroli boksi huitumia kuamua iisogeze cheche mbele kiasi gani. Betri ikitolewa, kwa kawaida huanzia katikati, halafu hupanda kuelekea ukomo wake kadiri injini inavyofanya kazi bila kugonga. Kwenye kontroli boksi mpya ukomo huo ni 1, kwenye za zamani ni 16. Kikikataa kupanda, au kikipanda kisha kikaanguka, gari limeshahukumu mafuta uliyoliwekea. La pili ni jedwali la marekebisho ambayo kontroli boksi imejifunza, lililogawanywa kwa mizunguko na mzigo. Huko utaona kwa macho yako kwamba kwenye mizunguko fulani chini ya mzigo mkubwa imeondoa nyuzi mbili, tatu au nne za taimingi. Mlio unaousikia Marangu ni sehemu tu. Mizunguko ikipanda na ekzosi yako ile pana, mapigo mengine huwezi kuyasikia kabisa, na hayo ya juu ndiyo yanayovunja.

Toa na plagi pia, uziangalie kwenye jua. Kwenye ile kauri nyeupe ukikuta vidoa vidogo vyeusi kama pilipili manga, au chembe zinazong'aa kama fedha, hizo zinazong'aa ni aluminiamu ya pistoni. Ukiziona chembe hizo usiwashe tena gari, nipigie.

Nije kwenye ushauri wa wenzako, nianze na wa KIA kwa sababu ndio unaonitia hofu.

Mafuta ya ndege ni majina mawili tofauti kabisa. Ndege kubwa zinazotua KIA, na pia zile Caravan zinazobeba watalii kutoka uwanja wa Kisongo kwenda Serengeti, zinatumia Jet A-1. Hiyo ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa. Ukiitia kwenye petroli unashusha oktani vibaya sana, na mtu akikuuzia kidumu cha "mafuta ya ndege" gizani, uwezekano mkubwa ndiyo hiyo. Umelipa zaidi ili uvunje injini haraka zaidi. Yale ambayo wenzako wamesikia habari zake ni Avgas 100LL, ya ndege ndogo za injini za pistoni. Rangi yake ni bluu, na kweli oktani yake ni kubwa, MON isiyopungua 99. Lakini kilichoifikisha pale ni risasi, yaani madini ya ledi, hadi gramu 0.56 kwa lita. Risasi hiyo itaua sensa yako ya oksijeni, na sensa ikifa kontroli boksi haijui tena mchanganyiko umekaaje. Itaziba na kichujio cha ekzosi kama bado unacho. Halafu utaitoa hewani, mtaani kwako, watoto waivute. Nchi zetu zote kusini mwa Sahara ziliacha petroli ya risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, ikaacha 2021. Zilikuwa na sababu nzito: risasi inaharibu akili za watoto. Kwangu mimi mjadala wa Avgas kwenye gari la barabarani umeishia hapo.

Chupa za dukani. Soma maandishi yake vizuri, hasa neno "pointi". Kwenye chupa nyingi pointi 10 ni oktani 1. Chupa inayojitapa kupandisha pointi 5 inakuahidi nusu ya namba moja, kutoka 95 kwenda 95.5, tena kwa tenki dogo kuliko la kwako la lita 60. Zilizo na nguvu kidogo mara nyingi zina manganizi au chuma ndani yake. Zitaacha unga mwekundu kama vumbi la Same kwenye plagi zako, na ule wa chuma ukizidi unapitisha umeme, cheche inapotea njiani. Chupa moja ukiwa umekwama mahali na unataka kufika nyumbani salama, sina ugomvi nayo. Kuifanya mpango wa maisha, hapana.

Thina. Hapa mwenzako ana nusu ya ukweli, na nusu nyingine itamtokea puani. Kuna kemikali inaitwa toluini, ambayo tayari imo ndani ya petroli yoyote kwa kiasi fulani, na RON yake inakaribia 120. Ukiwa na lita 45 za petroli ya 95 ukaongeza lita 5 za toluini safi, unapata lita 50 zenye takriban 97. Hilo ni kweli, na watu wa mashindano wamelitumia miaka mingi. Lakini thina ya duka la rangi si toluini. Ni mchanganyiko wa chochote kilichokuwa rahisi siku ile kiwandani: asetoni, spiriti, vimiminika vingine visivyo na jina kwenye kopo. Leo kopo lina hiki, kesho lile lile lina kile. Baadhi vinakula mipira ya njia ya mafuta, na mpira wa mafuta ukipasuka karibu na tabo iliyowaka nyekundu, nadhani sihitaji kuendelea. Mwambie aache.

Na kwa kuwa kila mara tukiongea habari za ethanoli kuna anayeuliza kuhusu gongo, ngoja nilijibu mapema. Haifai. Ina maji mengi. Petroli yenye spiriti ikikutana na maji inajitenga, spiriti na maji vinashuka chini ya tenki, na pampu yako inavuta kutoka chini. Injini itavuta maji, na petroli iliyobaki juu itakuwa imepoteza ile oktani uliyokuwa unaitafuta. Ethanoli kavu ya viwandani ni habari nyingine, tena ni nzuri sana kwa tabo, kwa sababu ikigeuka mvuke inapoza hewa kuliko petroli mara mbili na zaidi. Ila inataka nozeli kubwa, pampu kubwa na programu yake peke yake. Petroli inaungua sawasawa kwa sehemu 14.7 za hewa kwa moja ya mafuta. Ethanoli inataka sehemu 9 tu. Ukiimimina bila kubadilisha programu, injini inakonda mafuta, na kukonda chini ya busti ni njia ya mkato ya kutoboa pistoni.

Kuna jambo hukuliuliza ambalo kwa watu wa kwetu huku kaskazini nalijali kuliko chupa zote, nalo ni urefu wa mahali tulipo. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, na presha ya hewa ni takriban bari 0.86. Moshi mko chini zaidi, inakaribia 0.92. Dar es Salaam ni 1.01. Injini isiyo na tabo ikiwa Arusha inavuta hewa pungufu kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo inakosa nguvu lakini pia haigongi kirahisi. Ndiyo sababu majimbo ya milimani Marekani yanauza hata petroli ya 85 kwa hesabu yao, na magari ya kawaida huko yanaenda. Watu wanaichukua kanuni hiyo wanaipaka kwenye gari la tabo, na hapo wanakosea.

Tabo inajaribu kurudisha ile hewa iliyopungua. Kama programu yako inadai presha kamili ya bari 2.0 ndani ya manifoldi (bomba la kuingizia hewa kwenye injini), basi Dar tabo inazidisha hewa mara 2 hivi. Arusha, ili ifike palepale, inabidi izidishe zaidi ya mara 2.3. Inazunguka kwa kasi zaidi na inaitoa hewa ikiwa na joto zaidi, kwa makadirio yangu nyuzi 140 badala ya 125 kabla haijaingia kwenye intakula, kile kipoza hewa. Hewa ya moto ndiyo mama wa kugonga. Kwa hiyo gari lililo salama kabisa kwenye karatasi ya mtu anayeishi kando ya bahari linaweza kulia Marangu kwa petroli ileile.

Sasa geuza. Mtu mwingine ametuniwa Arusha, kwa ile valvu ya mkono inayobana busti ifike bari 1 juu ya hewa ya nje. Arusha jumla yake ni 1.86. Programu imepangwa hapo, kila kitu kimya, kila mtu ana furaha. Sikukuu inafika, anashuka kwenda Dar. Himo, Mwanga, Same, Hedaru, njia inazidi kushuka na jua linazidi kuwaka. Akifika Mombo na Korogwe yuko mita mia tatu, mia nne tu juu ya bahari, hewa ni nzito, joto ni la kukausha koo, na bari 1 yake ileile sasa ina jumla ya karibu 2. Mzigo huo injini haijawahi kuuona siku ya kutuni. Anatoka kulipita lori refu, anakanyaga mpaka chini kwa sekunde nyingi mfululizo. Gari mbili zilizowahi kuletwa kwangu juu ya roli zilikufa kwenye kipande hichohicho cha barabara, na wenyewe wote wawili walilaumu petroli waliyojaza njiani.

Petroli nayo huwa na makosa, sikatai. Wote tunakumbuka miaka ya kuchakachua, mafuta ya taa yakitiwa kwenye petroli mpaka EWURA, mamlaka inayosimamia mafuta, ikaanzisha vinasaba vya kutambulisha mafuta halali mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipotee. Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno, kiasi kidogo tu kinatosha kukuharibia. Kwa gari kama lako chagua sheli moja au mbili zenye magari mengi, ambako mafuta hayalali, ujaze hapohapo na utunze risiti. Yale majina mazuri ya petroli yenye dawa ya kusafisha nozeli, ni sawa kuyatumia, lakini usafi si oktani. Muulize muuzaji RON ni ngapi. Akikujibu kwa habari za usafi, umeshapata jibu.

Basi ufanye nini. Mimi siamini katika kulitafutia gari mafuta yasiyopatikana. Naamini katika kuliandikia gari programu ya mafuta yaliyopo, kila siku, kutoka Namanga hadi Chalinze. Mwandikie yule mtaalamu wa Marekani, umwambie bila kuficha: mafuta yangu ni RON 95, yaani 90 au 91 kwa hesabu yenu, naishi mita 850 juu ya bahari, na safari zangu zinanifikisha mita 0 na mita 1,400. Aombe data, umpe. Kama ni mtu wa kazi, atakutumia faili nyingine. Ndani yake nategemea kuona busti imeshushwa, taimingi imerudishwa nyuma kwenye eneo la mzigo mkubwa, na mchanganyiko umenenepeshwa kidogo chini ya busti. Kipimo changu cha gerejini ni nyuzi moja hivi ya taimingi kwa kila oktani inayokosekana, kama pa kuanzia, kisha data ndiyo inayoamua. Utapoteza nguvu kiasi ukilinganisha na ulichoahidiwa, na lazima nikwambie hilo wazi. Lakini hizo nguvu hukuwa nazo. Kontroli boksi ilikuwa inakunyang'anya kila ulipokanyaga, tena baada ya pistoni kupigwa.

Wakati unasubiri faili hiyo, fanya kazi za mikono. Intakula ya Subaru imelala juu ya injini, inavuta joto lake, na kwa vumbi letu mapezi yake huziba. Ivue uioshe nje na ndani, kwa sababu ndani hukaa mafuta ya injini yanayotoka kwenye njia ya kupumulia. Mvuke huo wa oili ukiingia silinda unashusha oktani ya kila kitu ulichonunua. Watu wanahangaika kutafuta namba mbili za chupa huku wanazipoteza kwenye bomba chafu. Weka plagi zenye ubaridi wa hatua moja zaidi ya za kiwandani. Angalia mabomba ya hewa kama hayavuji baada ya sensa ya hewa. Hakikisha pampu ya mafuta haijachoka, maana gari la 2005 mara nyingi bado lina ile iliyotoka nayo Japani.

Ukipenda kuwa na mafuta makali kwa siku za mashindano tu, hilo linawezekana na ni zuri, ila kwa programu mbili zilizotenganishwa, moja ya sheli na moja ya mafuta hayo, na usiwashe ya pili mpaka tenki la kwanza limetolewa lote. Kanuni za FIA zenyewe, shirikisho la mbio za magari la dunia, kwa petroli ya mashindano zinaanzia RON 95 na kuishia 102, kwa hiyo hata huko hakuna anayehitaji miujiza.

Faili mpya ikiingia, usiijaribu barabara ya Moshi–Arusha saa ya bodaboda na daladala. Nenda mapema alfajiri kwenye mlima mtupu, gia ya tatu, mtu wa pili akiwa ameshika kompyuta, macho yako yawe barabarani. Kanyaga nusu kwanza, usome. Kizidishio kikiwa kimefika ukomo wake na marekebisho yako sifuri, ongeza kidogo. Ukiona kontroli boksi imeondoa zaidi ya nyuzi mbili mahali palepale mara mbili mfululizo, acha hapo, unitumie data. Kisha kabla ya safari yoyote ya pwani, simama Same mchana wa jua kali, injini ikiwa imeshapata joto la safari, urudie kusoma. Pakiwa kimya hapo, shuka, na ukifika Korogwe usome tena kabla hujalipita lori lolote kwa mguu mzito.

Na ukiamua kulileta Arusha nilifanye mwenyewe, usije na tenki tupu ukategemea kujaza hapa jirani na gereji. Jaza Moshi, kwenye sheli unayoitumia kila siku, uje taratibu. Hayo ndiyo mafuta nitakayoyaandikia programu.